Maisha ya Alessandro Volta
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ni desturi ya gazeti letu kutoa habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Zamu hii imeniangukia mimi, na kwa kusema kweli sikuiomba. Nilipewa na mwalimu wetu wa fizikia kwa sababu ya kosa nililolifanya likizo ya mwezi wa Juni. Basi nitalieleza kosa hilo kwanza, mpate kujua kwa nini kijana wa Ufipa ameshika kalamu kuandika habari za Mwitalia aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita.

Chama chetu cha Jiografia kilikwenda kupiga kambi siku nne katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, upande wa Muze. Tulikuwa wanafunzi 19 na walimu 2. Vyombo vyetu vyote vilipakiwa katika tela lenye paa, likavutwa na pikapu, na mahali tulipokusudia kulala hapakuwa na nguzo ya umeme hata moja. Juu ya paa la tela tulifunga paneli moja ya sola ya wati 100, na ndani tukaweka betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukadiria kama nguvu hizo zingetutosha, maana darasani hesabu sizikimbii.

Haikuwa kazi ya mchezo. Mwenzetu mmoja, rafiki yangu wa tangu Kidato cha Kwanza, ana maradhi ya kisukari, naye hujidunga sindano ya insulini kila siku. Dawa yake ya akiba hutakiwa ikae mahali pa baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Huku juu Sumbawanga hilo si jambo gumu mwezi wa Juni, kwa kuwa asubuhi mtu huiona pumzi yake mwenyewe ikitoka kama moshi. Lakini ziwa liko chini yetu kwa meta 1,000 hivi, na kule bondeni ni joto. Kwa hiyo tuliazima jokofu dogo la volti 12, la wati 45, likafungwa ndani ya tela. Mama yake rafiki yangu alitaka hata kumzuia asiende, akaridhika pale tu alipoambiwa kwamba kuna jokofu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Paneli ni wati 100 na mchana ni saa 12, basi kwa siku tutapata wati-saa 1,200. Betri ni volti 12 mara ampea-saa 100, basi nayo ina wati-saa 1,200. Jokofu nililipima hapa shuleni, nikaona linanguruma robo tu ya muda, basi litakula wati-saa 270 kwa siku. Taa 4 za wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 80. Simu 3 ni 30. Jumla 380. Nikawatangazia wenzangu kwamba tuna utajiri, wao wakaongeza spika ya muziki ya wati 60, saa 3 kila jioni. Mimi nikakubali, tena kwa furaha.

Usiku wa pili, saa 9, jokofu lilinyamaza. Taa nayo ilikataa. Nililala macho wazi ndani ya hema nikimsikiliza rafiki yangu akipumua, nikiwaza jinsi nitakavyomtazama mama yake. Kulipokucha bibi mmoja wa kijijini, aliyekuwa akituuzia mihogo, alituazima mtungi mkubwa na mdogo. Mdogo tuliuweka ndani ya mkubwa, katikati tukajaza mchanga uliolowa maji, dawa ikakaa ndani imefungwa katika nailoni, na kitambaa kibichi juu. Maji ya mchanga yakikauka huondoka na joto, kwa hiyo mtungi hupoa. Haukuwa baridi kama jokofu, lakini dawa ilikaa vizuri mpaka tulipopanda tena Sumbawanga, na rafiki yangu hakudhurika. Mwalimu wa kike aliyefuatana nasi alikwisha kutengeneza mpango wa kumrejesha shuleni siku hiyohiyo kama mtungi usingepoa.

Tuliporudi mwalimu wa fizikia alitazama karatasi yangu. Hakunikemea. Alihesabu mara ngapi nimeandika neno volti, akaona ni mara kumi na moja, kisha akaniuliza volti ni nani. Sikujua kwamba ni mtu. Ndipo akanipa kazi hii.

Alessandro Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 katika mji wa Como, kaskazini ya Italia. Como ni mji uliokaa kando ya ziwa, na nyuma yake ni milima. Siku zile hapakuwa na nchi moja iitwayo Italia. Sehemu ile ya Lombardia ilitawaliwa na wafalme wa Austria. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye heshima, lakini fedha hazikuwa nyingi, na baba yake alifariki Alessandro akiwa mtoto wa miaka kama saba. Alilelewa na mama yake na ndugu wa baba, ambao walikuwa watu wa kanisa.

Jambo moja katika utoto wake lilinifurahisha. Alichelewa sana kusema. Yasimuliwa kwamba alifika umri wa miaka minne bila kutamka neno la maana, hata watu wa nyumbani wakadhani ni bubu au ana upungufu wa akili. Lakini alipofunguka kinywa hakufungwa tena. Alijifunza Kilatini na Kifaransa, akatunga hata mashairi. Nasema lilinifurahisha kwa kuwa katika bweni letu wako vijana wa kidato cha kwanza wasiosema neno, na sisi wakubwa huwaita majina mabaya.

Mapadre Wajesuiti waliomfundisha walitaka ajiunge nao, lakini mjomba mmoja hakupenda akamwondoa. Wengine wa nyumbani walitaka asomee sheria. Yeye akili yake ilikuwa imekwisha tekwa na umeme. Alikuwa na rafiki, kasisi Giulio Cesare Gattoni, aliyekuwa na chumba cha majaribio, naye akamruhusu kijana huyo kukitumia apendavyo. Alipokuwa na umri kama wetu, miaka 18 hivi, alianza kuwaandikia barua mabingwa wa umeme wa Ulaya, mmoja Paris na mwingine Turin, akiwaeleza mawazo yake. Hebu fikirini, kijana asiye na cheo chochote!

Yafaa nieleze umeme wa siku zile ulikuwaje. Watu waliujua umeme wa kusugua tu, kama ule unaoupata ukisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele ikavuta vipande vya karatasi. Walikuwa na mashine za kuzungusha kioo, na chupa ziitwazo chupa za Leyden za kuuwekea umeme huo. Chupa ilitoa cheche moja kubwa, pa, basi kwisha. Hapakuwa na umeme wa kutiririka, na bila kutiririka hapana taa, hapana jokofu, hapana simu.

Mwaka 1774 Volta alipata kazi katika shule ya serikali ya Como, na mwaka uliofuata akatangaza chombo cha kuzalisha umeme wa kusugua mara nyingi bila kusugua upya. Chombo cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha buniwa na Msweden Johan Wilcke, lakini Volta alikitengeneza vizuri zaidi na ndiye aliyekifanya kijulikane.

Mwaka 1776 akafanya jambo lililonikumbusha Ziwa Rukwa. Alikuwa katika Ziwa Maggiore, karibu na Angera, mahali penye matope na matete. Akachokoa tope kwa fimbo, akaona mapovu yakipanda, akayakusanya katika chupa. Hewa ile ilipowashwa ilishika moto. Ndiyo tunayoiita leo methani, hewa ileile wanayopikia watu wenye mitambo ya samadi ya ng'ombe. Sisi katika kambi yetu tulikanyaga matope kama yale siku nne, mapovu yakitoka chini ya miguu, na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Volta aliichanganya hewa ile na hewa ya kawaida ndani ya chombo kama bastola, akailipua kwa cheche ya umeme. Akafikiri hata kutandaza waya wa chuma juu ya nguzo za mti kutoka Como hadi Milano, ili mtu akiwa mji mmoja alipue bastola mji mwingine, kama ishara. Waya huo haukutandazwa. Simu za upepo zilikuja miaka mingi baadaye.

Mwaka 1778 aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, akakaa huko karibu miaka arobaini. Wanafunzi walijaa kumsikiliza. Katika safari zake alifika Paris na London, akajuana na wataalamu wakubwa.

Lakini kwangu mimi lililo kubwa katika miaka ile ni kupima. Wengine walipenda umeme kwa sababu ya cheche zake na kwa kuwashtua wageni mezani. Volta alitaka kujua ni kiasi gani. Alitengeneza chombo cha kuhisi umeme mdogo mno, ule ambao jicho na mkono havitambui. Akaonyesha kwamba kuna mambo mawili mbalimbali: wingi wa umeme uliomo katika chombo, na msukumo wake. Ni kama tangi la maji. Tangi pana lililoketi chini laweza kuwa na maji mengi yasiyo na nguvu. Debe dogo juu ya mnara lina maji machache yenye nguvu. Mimi katika karatasi yangu nilikuwa nimevichanganya vyote hivyo, na nilidhani betri yenye volti 12 ni betri iliyojaa, kumbe volti ni msukumo tu, wala haisemi maji yamebaki kiasi gani mpaka uijue vizuri.

Sasa tunafika kwenye vita vya vyura. Katika mji wa Bologna alikuwako daktari, Luigi Galvani, mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili. Aligundua kwamba miguu ya chura aliyekufa, ikitundikwa kwa kulabu za shaba nyeupe juu ya vyuma vya baraza, hurukaruka. Mwaka 1791 alitoa kitabu akieleza kwamba ndani ya mnyama mna umeme wake. Ulaya nzima ilishikwa na wazimu wa vyura. Volta alikisoma, akakisifu, akarudia majaribio, naye akaamini. Kisha akaanza kuwa na shaka. Aliona kwamba mguu huruka sana pale panapokuwa na madini mawili ya namna mbalimbali, na haruki sana yakiwa ya namna moja. Basi, labda chura ni kipimo tu cha umeme, na umeme wenyewe unatoka katika madini?

Akajaribu katika ulimi wake mwenyewe. Aliweka bati jembamba upande mmoja na sarafu ya fedha upande mwingine, akayagusanisha, akasikia ladha kali. Hapakuwa na chura hapo. Jaribio hili nimelifanya kwa kipande cha bati la kuezekea, ambalo limepakwa zinki, na kipande cha shaba ya waya. Ladha hiyo ipo, ni kama ya limau lililochacha. (Wazazi wasiogope, nilivisafisha kwanza.)

Mabishano yalikuwa makali, wataalamu wakagawanyika makundi mawili, ingawa mabwana wenyewe waliheshimiana. Mwaka 1794 Chama cha Kifalme cha London kilimpa Volta nishani ya Copley, iliyo kubwa kuliko zote za chama hicho. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 49, alimwoa Teresa Peregrini, wakapata watoto watatu wa kiume. Galvani mambo yake hayakwenda vema. Majeshi ya Ufaransa yaliyoongozwa na Napoleon yaliingia Italia, serikali mpya ikawataka walimu waape kiapo, Galvani akakataa kwa ajili ya dhamiri yake, akafukuzwa kazi. Alifariki Desemba 1798, maskini, kabla ya kujua mwisho wa ubishi. Volta yeye hakuwa mtu wa kugombana na watawala. Alikaa vizuri na Waaustria, akakaa vizuri na Napoleon. Nikilinganisha watu hawa wawili kwa jambo hilo peke yake, mimi humpenda Galvani zaidi.

Mwisho wa ubishi ulikuja mwaka 1800. Chuo cha Pavia kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vita, Volta akawa nyumbani Como. Tarehe 20 Machi aliandika barua kwa Kifaransa kwenda kwa Sir Joseph Banks, rais wa Chama cha Kifalme cha London. Katika barua hiyo alieleza chombo ambacho mtu yeyote angeweza kukitengeneza mezani. Chukua kisahani cha fedha, weka juu yake kisahani cha zinki, kisha kipande cha karatasi nene au ngozi kilicholoweshwa maji ya chumvi. Tena fedha, tena zinki, tena karatasi ya chumvi. Panda juu hivyo hivyo mpaka ipatikane nguzo ya jozi 30, au 40, au 60. Gusa chini kwa mkono mmoja na juu kwa mwingine, nawe utashtuliwa. Gusa tena, utashtuliwa tena. Umeme haukwishi kwa cheche moja. Unatiririka.

Yeye alikifananisha chombo chake na kiungo cha yule samaki wa baharini anayeshtua watu. Hata Ziwa Tanganyika, jirani yetu, lina kambale wa namna hiyo, na wavuvi wa Kasanga waweza kukueleza kuliko mimi. Ndani ya samaki huyo mna vipande vingi vidogo vilivyopangwa, na Volta alipanga visahani vyake kwa mfano huo. Kwa hiyo aliyekataa umeme wa wanyama alisaidiwa na mnyama.

Sisi tulijenga nguzo hiyo katika maabara mwezi wa Agosti. Tulikata bati na shaba vipande vya duara, tukavisafisha kwa mchanga, tukakata kitambaa cha sare iliyochakaa na kukilowesha maji ya chumvi. Kila jozi ilitupa karibu volti 0.7, na jozi 8 zikatoa volti 5 na kitu. Tuliunga taa ndogo nyekundu ya aina ya LED, ikawaka. Wasichana walipiga makofi. Baada ya muda mwanga ukafifia, kwa kuwa uzito wa visahani vya juu unakamua maji ya chumvi ya vile vya chini, tatizo ambalo hata mafundi wa 1800 walilipata mpaka wakaamua kulaza nguzo chini katika sanduku. Betri ya gari mnayoiona leo ni jamaa ya nguzo ile: ndani yake mna vyumba 6, kila kimoja volti 2 na kidogo, jumla 12.

Kabla barua ya Volta haijapigwa chapa, Sir Joseph Banks aliwaonyesha wenzake. Mwezi wa Mei mwaka huohuo Nicholson na Carlisle wa London walikwisha kutengeneza nguzo yao, wakaingiza nyaya zake katika maji, na maji yakagawanyika kuwa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni. Miaka 7 baadaye Humphry Davy, kwa betri kubwa, alipata potasiamu na sodiamu, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona peke yake. Mwaka 1801 Volta aliitwa Paris aonyeshe majaribio yake, na Napoleon mwenyewe alikaa akasikiliza, akaamuru apewe nishani ya dhahabu. Mwaka 1810 alimfanya kuwa kaunti.

Na hapa nafika jambo ambalo mwalimu alitaka nilifikie, ingawa hakuniambia. Nililikuta mwenyewe katika vitabu. Volta alikosea hesabu. Naam, huyuhuyu. Yeye aliamini kwamba umeme wa nguzo yake unatokana na kugusana tu kwa madini mawili, basi mradi yanagusana, utaendelea kutoka bila kikomo na bila kutumia kitu. Maji ya chumvi aliyaona kama njia tu ya kupitisha. Davy na wengine walionyesha kwamba sivyo. Zinki inaliwa. Kila tone la umeme linalotoka limelipiwa na zinki iliyokwisha. Volta alikuwa amekwisha kuona visahani vyake vinachafuka na kuota ukoga, lakini alidhani ni taabu ndogo ya usafi. Asubuhi baada ya jaribio letu mimi nilivifungua vile vya kwetu: upande wa bati ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na umeliwa mashimo. Nilivitazama kwa muda mrefu.

Tena Galvani naye hakuwa amekosa kabisa, maana leo yajulikana kwamba mishipa yetu hupeleka habari kwa umeme. Kila mmoja alishika nusu ya kweli.

Baada ya nguzo yake Volta hakugundua jambo jingine kubwa. Alitaka kustaafu mapema, Napoleon akamzuia. Mwaka 1814 mwanawe Flaminio alifariki akiwa kijana wa miaka 18, na barua zake za wakati ule ni za mzee aliyevunjika. Napoleon akaanguka, Waaustria wakarudi, nao wakamheshimu vilevile. Mwaka 1819 aliacha kazi, akarudi kukaa Como na shambani kwake Camnago, mtu wa mavazi ya kawaida aliyekwenda kanisani kila siku. Alifariki tarehe 5 Machi 1827, mwaka uleule ambao Mjerumani Georg Ohm alitoa kitabu chenye kanuni tunayoikariri sote. Alizikwa Camnago. Mwaka 1881 wataalamu wa mataifa mengi walikutana Paris, wakakubaliana kwamba kipimo cha msukumo wa umeme kiitwe kwa jina lake.

Betri ya kujazwa tena, yenye risasi na tindikali, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mfaransa mwingine, Edmond Becquerel, aliona mwaka 1839 kwamba mwanga waweza kuzaa umeme, na sola ya silikoni yenye kufaa ilitengenezwa Marekani mwaka 1954. Kwa hiyo tela letu lilikuwa limebeba kazi ya watu hao wote, nami niliyepewa kuihesabu niliifanya kama Volta: nilidhani inatoka bure.

Makosa yangu yalikuwa haya. Jua lipo saa 12, lakini jua la nguvu kamili, kwa kulijumlisha, ni kama saa 5 tu. Paneli ya wati 100 hutoa 500, na robo hupotea katika joto, waya na kujaza betri, zikabaki kama 375. Tena tuliegesha tela chini ya mkwaju ili sisi tupate kivuli, paneli nayo ikapata kivuli mpaka saa 4 asubuhi. Betri ya risasi ukiikamua yote huiui siku moja, lakini huiua upesi. Yafaa utumie nusu, yaani 600, si 1,200. Na jokofu lililonguruma robo ya muda katika baridi ya Sumbawanga lilinguruma nusu ya muda bondeni: wati-saa 540. Ongeza taa 80, simu 30 na spika 180, jumla 830 kwa siku, na mapato hayakufika 375.

Mwezi wa Septemba, likizo fupi, chama kinakwenda maporomoko ya Kalambo, na kazi ya kukadiria nimepewa tena. Sasa ni paneli 2, yaani wati 200 kwa saa 5, wati-saa 1,000. Ondoa robo, 750. Betri 2, nusu yake 1,200. Jokofu, taa na simu ni 650 kwa siku. Spika itabaki bwenini, na tela litakaa juani hata wenzangu wakinuna. Mtungi wa bibi tumeurudisha, lakini tumenunua mwingine sokoni, utakwenda pamoja nasi.

Rafiki yangu amepata ruhusa ya mama yake. Kabla ya kuniamini aliichukua karatasi, akaipitia mstari kwa mstari usiku wa kuamkia Jumapili, akakuta mahali pamoja nimejumlisha vibaya kwa 10.